Likizo na Kitabu: Watoto Wetu Wasome Nini?

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wahitimu, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi.)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vyenu tumevikalia sisi:

   

Kamati ya maandalizi iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya wajibu wa kijana katika ujenzi wa taifa. Ni mada nzuri, na mtumishi wa serikali kama mimi hakosi la kusema. Hotuba za namna hiyo tunazo ofisini, zimekwisha kupigwa chapa, kazi iliyobaki ni kubadili tarehe. Lakini nilimwomba Mwenyekiti aniruhusu nizungumze jambo dogo zaidi, naye akakubali kwa sharti kwamba nisizidishe nusu saa. Jambo lenyewe ni hili: shule zitakapofungwa mwezi wa Desemba, watoto wetu wa shule za msingi na vijana hawa wa vidato vya chini wasome nini huko nyumbani?

Najua wako watakaosema likizo ni ya kupumzika. Ni kweli, nami sitaki kumwonea mtoto. Mtoto atalima, atachota maji, atamsaidia mama yake dukani au gengeni, atacheza mpira mpaka jua lizame. Hata hivyo, katika siku ya likizo hubaki saa moja au mbili ambazo hazina mwenyewe. Zamani saa hizo zilikuwa za bibi na hadithi zake. Siku hizi ni za simu ya baba, ikiwa baba amesahau kuificha. Mimi naziombea saa hizo kitabu.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Ndugu Mwenyekiti, lugha yetu tukufu ina neno moja, kusoma, nasi tunalitumia kwa mambo mawili. Kwenda shule ni kusoma, na kufungua kitabu ni kusoma. Ukimwuliza mtu mzima, "Je, bado unasoma?" atakujibu, "La, mimi nilimaliza kusoma mwaka 2001." Na mara nyingi, ndugu zangu, anasema kweli tupu: amemaliza kusoma. Tangu siku alipotoka katika chumba cha mtihani hajafungua kitabu kingine.

Watoto wetu wanayaona haya. Wanaona kwamba kitabu ni kitu cha mtihani, na mtihani ukiisha kitabu nacho huisha. Wanaona nyumbani kwamba baba ana shahada lakini hana kitabu, na kwamba kabati la sebuleni limepangwa vikombe na sahani za wageni. Kisha baba huyo huyo humwambia mtoto, "Soma, mwanangu, soma." Mtoto si mjinga. Anajua kwamba ameambiwa ameze dawa ambayo wakubwa hawaimezi.

Nasema haya nikijua kwamba nami nimo. Likizo ya Juni iliyopita nilimnunulia mwanangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, vitabu vitatu. Vyote vitatu vilikuwa vya maswali na majibu: hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Nilijiona baba mwema. Siku ya tatu nilirudi kazini jioni nikamkuta amelala usingizi mzito, shavu likiwa juu ya swali la ishirini na nne. Nilipomwamsha kwa ukali, mama yake aliniuliza swali moja tu: "Na wewe baba Fulani, ungekuwa kwenye likizo yako, ungesoma hicho?" Sikuwa na jibu.

Kusoma kwa mtihani kuna mahali pake, wala sikuja hapa kukubeza mbele ya walimu. Lakini kusoma kwa kupenda ni kitu kingine, na hicho ndicho kinachomfanya mtu aendelee kusoma baada ya shule. Kule ofisini tunapokea vijana wenye vyeti safi. Wengine ukiwapa jalada na kuwaomba waandike dokezo la nusu ukurasa, wakieleza tatizo ni nini na ushauri wao ni upi, kalamu inagoma. Kanuni za sarufi wanazijua, lakini hawajawahi kukaa na sentensi nyingi nzuri zilizopangwa na mtu anayejua kazi yake. Lugha humwingia mtoto kama chakula kinavyomwingia: polepole, kila siku, bila yeye kujua.

WAANDISHI WALIOKUWA MAKARANI

Wako wanaodhani kwamba vitabu ni vya watu wenye nafasi. Hebu tuwatazame waandishi wenyewe.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, hakuishi kwa kalamu ya ushairi. Alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, na miaka mingi ya ujana wake aliitumia katika forodha, akiandika ushuru wa mizigo. Baadaye alihamia katika ofisi nyingine za serikali. Kusadikika kilichapwa mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, naye alikuwa bado katika utumishi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alianza kazi katika idara ya afya kama mkaguzi, kisha akawa mhariri. Ndiye aliyetupatia Bwana Msa na kiko chake. Na Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, kikatoka mwaka 1963, wakati nchi ilikuwa changa na yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza. Sasa mimi nikisema kwamba kazi za ofisi zimenizidi hata sina nafasi ya kurasa kumi, nani ataniamini?

VITABU GANI?

Nimeahidi kutaja vitabu, na ahadi ni deni. Sitataja vyote vilivyo vizuri. Nitataja vile ambavyo nimeviona vikimshika mtoto, au vilivyonishika mimi.

Kwa watoto wadogo, wale ambao bado wanasoma kwa kidole, anzeni na vitabu vyembamba vyenye picha. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umesaidia kuchapwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili za rika hilo. Pamoja na hizo, wasomeeni kwa sauti Hekaya za Abunuwasi. Mtoto wa miaka minane hufurahi kupita kiasi anapomwona mnyonge mwenye akili akimshinda tajiri mwenye pupa. Akicheka, atakunyang'anya kitabu asome mwenyewe. Hapo umeshinda.

Kwa watoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili, wapeni safari na hatari. Rika hili linataka kuondoka nyumbani bila kuondoka. Kisiwa chenye Hazina ni hadithi ya Mskoti Stevenson iliyotafsiriwa na Frederick Johnson na kutoka mwaka 1929: kijana Jim, ramani, na mwizi wa baharini mwenye mguu mmoja ambaye msomaji humwogopa na kumpenda kwa pamoja. Johnson huyo huyo alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani. Nacho kinasisimua, ila kiliandikwa na mtu aliyeitazama Afrika kwa jicho la mtawala. Simkatazi mtoto kukisoma, namshauri mzazi akisome pia, kisha amwulize, "Hivi, kama hadithi hii ingesimuliwa na wale wapagazi, ingekuwaje?" Kwa hadithi ya kwetu, chukueni Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, iliyotoka mwaka 2008, ambayo humtembeza msomaji sehemu nyingi za nchi yetu.

Sasa nageukia vijana wa kidato cha kwanza na cha pili. Ninyi mna umri wa kupenda siri. Chukueni Mzimu wa Watu wa Kale. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki kabla haijachapwa kitabu mwaka 1960. Bwana Ali amekutwa ameuawa mahali pa mzimu. Polisi wanatafuta, watu wanasema ni mashetani, na Bwana Msa anavuta kiko, anauliza maswali madogo madogo ambayo mtu mwingine angeyaona ya kipuuzi. Simtaji muuaji. Nawaambieni tu kwamba Bwana Msa hamwonei mtu wala hamwogopi shetani; anatazama, anafikiri, na anadai ushahidi. Kijana akijifunza hilo peke yake, amepata elimu ya mwaka mzima.

Baada yake someni Adili na Nduguze. Kuna liwali ambaye kila usiku huwapiga mijeledi manyani wawili, na huku anawapiga analia. Kwa nini? Ukianza kuuliza swali hilo hutakiweka kitabu chini. Kisha Kusadikika, nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Ni kitabu chembamba, kinaisha kwa siku tatu, lakini mambo yake hayaishi. Mimi nilikisoma nikiwa kijana nikadhani ni hadithi ya nchi ya mbali. Nilikisoma tena nilipokuwa mtumishi wa miaka kumi, nikaona nawajua mawaziri wote wale.

Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, cha mwaka 2002, ni kigumu kwa moyo, kwa sababu kinahusu watoto wa mama muuza chakula ambao wanakosa karo na sare. Wako miongoni mwenu watakaojiona humo. Wale ambao hawatajiona humo ndio hasa wanaopaswa kukisoma.

Na kama mko ndugu wengi nyumbani, chukueni tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Gawaneni wahusika, kila mmoja asome maneno yake kwa sauti, na mdogo kabisa apewe ngoma.

Kwa hawa wakubwa wa kidato cha tatu na cha nne, Kuli cha Adam Shafi kitawapeleka bandarini Unguja, katika mgomo wa makuli wa mwaka 1948. Na Peponi, ambacho Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza na Ida Hadjivayanis akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022, kinaanza na kijana wa miaka kumi na miwili, Yusuf, anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake. Gurnah alizaliwa Unguja, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Someni mwone kwa nini.

Wazazi wengine wataniuliza: je, mtoto akikutana na mambo ya watu wazima? Nawakumbusha habari ya Rosa Mistika cha Kezilahabi. Kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye kikaja kufundishwa mashuleni humo humo. Kila kitabu kina umri wake, hilo nakubali, wala sikitaji hicho kwa watoto wadogo. Lakini dawa ya woga huo ni mzazi kusoma pamoja na mtoto, waulizane, wajibizane. Kufuli halifundishi kitu.

NAMNA YA KUSOMA

Nina masharti manne, nayo si magumu.

La kwanza, kurasa kumi kwa siku, zisizidi mpaka mtoto mwenyewe atake. Likizo ya wiki nne ni siku 28, na kurasa kumi kila siku ni kurasa 280. Hivyo ni vitabu viwili vyembamba, au vitatu. Anayefanya hivyo Juni na Desemba, tangu darasa la tano hadi kidato cha nne, atakuwa amesoma vitabu zaidi ya ishirini ambavyo hakuna aliyemtahini.

La pili, asitahiniwe. Msimwulize dhamira na fani. Mwulizeni, "Wamefika wapi?" Hilo ndilo swali ambalo msomaji hupenda kuulizwa.

La tatu, aruhusiwe kukiacha kitabu kilichomshinda na kuchukua kingine. Sisi wakubwa tunaacha hotuba katikati tukaenda kunywa chai. (Naomba leo msinifanyie hivyo.)

La nne, aonekane mkubwa mmoja nyumbani anasoma. Ikiwa baba hawezi, mama. Ikiwa mama hawezi, kaka. Mtoto hufuata anachokiona.

KUFULI

Sasa nafika mahali ambapo mtaniuliza: vitabu hivyo viko wapi? Wengi wetu tunatoka vijijini ambako duka la vitabu halipo. Nchi yetu iliweka sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967. Maktaba za mikoa zipo, na aliye karibu nazo asizipite. Lakini kwa kijana wa shule ya bweni, maktaba iliyo karibu naye ni ya shule yake. Na maktaba za shule zetu nyingi, likizo inapofika, hufungwa. Kitabu hakitoki.

Tusiwalaumu walimu. Mimi ni mtumishi, najua jambo hili linavyokwenda. Kitabu kimeandikwa katika leja. Mkaguzi akija, anahesabu. Kikipungua, mwalimu wa maktaba anaandikiwa barua ajieleze, na pengine afidie kutoka katika mshahara wake. Hakuna anayemwandikia barua kumwuliza kwa nini kitabu kimekaa miaka sita hakijasomwa. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara hufanya nini? Hufunga. Kule masjala tunajua: jalada lililofungiwa kabatini halipotei kamwe, lakini pia haliamui kitu chochote.

Hapo ndipo ninapotakiwa kuungama jambo, Ndugu Mwenyekiti, nalo ndilo lililonifanya niombe kubadili mada.

Desemba 1995 nilikuwa nimemaliza kidato cha pili katika shule hii. Nilikuwa nimefika katikati ya Mzimu wa Watu wa Kale siku vitabu vilipoamriwa kurudishwa. Sikukirudisha. Nilikifunika kwa shuka chini ya tranka langu nikaenda nacho nyumbani. Kwa Kiswahili kisicho na mapambo, niliiba.

Nyumbani nilikuwa nikikisoma usiku kwa kibatari, nami nikawa nawasomea wadogo zangu kwa sauti. Mama yangu alikuwa akichambua mchele pembeni, kama hasikilizi. Mama hakwenda shule ya watoto. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima na kisomo kikaenea vijijini, alijifunza herufi akiwa msichana mkubwa, chini ya mwembe, akapata na cheti. Lakini baada ya cheti hakupata kitabu. Alisoma maandishi ya mifuko ya mbolea, kadi za kliniki na barua zetu. Kwa miaka ishirini alikuwa anajua kusoma na hana cha kusoma, na sisi watoto wake hatukuwahi kulifikiria hilo.

Usiku mmoja nililala kabla sijamaliza sura. Asubuhi nilimkuta mama amekaa jikoni, uji unachemka mpaka unamwagika, kitabu kiko mapajani, kidole kinakwenda neno kwa neno. Alipoona namtazama aliona haya, akasema, "Nataka kujua tu nani aliyemuua."

Alisoma polepole, ukurasa mmoja, pengine miwili kwa siku. Siku ya kurudi shule ilipofika mwezi wa Januari hakuwa amefika hata nusu. Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha shule." Akanyosha mkono kunipa, hakusema neno. Sikuweza kukipokea. Nilikiacha.

Nilipokuja likizo ya Juni alikuwa amekimaliza na anakirudia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona yaliyotokea shuleni: kitabu kilihesabiwa kikakosekana, mwalimu wetu wa maktaba akahojiwa kwa ajili yake, naye akatusimamisha mstarini akauliza nani anacho. Nilisimama mstari wa pili. Nikanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, na ametangulia mbele ya haki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Basi naomba radhi leo kwa walimu wote waliopo.

Mama naye alifariki miaka miwili iliyopita. Tulipofungua sanduku lake tulikuta kanga, vyeti vya ubatizo vya watoto, cheti chake cha kisomo, na kitabu hiki mnachokiona. Jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Muhuri wa shule bado unasomeka. Kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kila mahali alipoishia siku ile ameweka alama ndogo ya penseli. Nimezihesabu. Ni nyingi mno.

Sijivunii wizi, wala sitaki kijana yeyote aliye hapa atoke na mafunzo hayo. Nataka tujiulize swali jingine. Kitabu hiki kingerudi kabatini Desemba ile, nani angekisoma? Na ikiwa njia pekee ya kitabu kumfikia mama yangu ilikuwa ni mimi kuwa mwizi na mwalimu wangu kuhojiwa bure, je, kosa lilikuwa la mtoto peke yake, au na la utaratibu pia?

PENDEKEZO

Kwa hiyo natoa pendekezo, nami naomba lijadiliwe katika kikao cha mchana, kabla ya hoja ya kupaka rangi geti.

Chama chetu kinunue vitabu mia moja vya hadithi, vya Kiswahili kwa wingi na vya Kiingereza kiasi. Vitabu hivyo visiingizwe katika leja ya mali ya serikali. Vibaki mali ya Chama, katika kasha lake, na daftari lake. Desemba na Juni, kila mwanafunzi anayetaka achukue viwili, aandike jina, kidato na kijiji, aende navyo nyumbani. Daftari lishikwe na wanafunzi wenyewe, na mwalimu asidaiwe hata kimoja.

Vitabu vitapotea. Tulikubali hilo tangu leo. Katika mia moja, tuhesabu kwamba kumi havitarudi kila mwaka, na sisi wahitimu tuvinunue vingine bila manung'uniko. Atakayepoteza asipigwe wala asitozwe fedha. Aandike kurasa mbili akieleza kitabu kilihusu nini na kilipotelea wapi. Akiweza kueleza vizuri, basi hakikupotea.

Ninyi vijana nawaomba jambo moja. Mkifika nyumbani, msisome peke yenu chumbani. Someni mahali ambapo watu wanasikia. Huenda pembeni yupo mtu anachambua mchele, anajua herufi zote, na miaka ishirini anangoja mtu alete kitabu.

Wenzangu, kasha la kwanza limo garini kwangu. Lina vitabu ishirini, pamoja na nakala mpya ya Mzimu wa Watu wa Kale badala ya ile niliyoichukua. Themanini vilivyobaki ni vyenu.

Hiki cha zamani, Mkuu wa Shule, nilikusudia kukurudishia leo, na ninakukabidhi sasa mbele ya mashahidi, kwa kuwa ni mali ya shule. Nina ombi moja tu juu yake: kisifungiwe.